Mtaa Ukiwa Mzuri, Nani Atabaki Ndani Yake?

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wakaaji wa mtaa mmoja wa Lubumbashi. Tunayachapa kwa kuwa wengi walikosa nafasi ya kuingia, wakaomba wayasome.



Karani wa mkutano aliniambia: "Sema kwa kifupi, wamama wana kazi nyumbani." Nitajaribu. Lakini jambo lenyewe si fupi, na wale wanaolifanya kuwa fupi ndio wanaotuponza.

Mnajua sababu ya kukutana. Masika iliyopita maji yaliingia nyumbani katika avenyu za chini, yakakaa, yakanuka, watoto wakashikwa na kuhara. Sasa habari imeenea ya kuwa kutakuwa kazi ya mifereji na barabara, na furaha imeingia mtaani. Mimi pia ninafurahi. Lakini juzi jioni alinijia mama mmoja, mpangaji wa chumba kimoja, mwenye kuuza maandazi. Akaniuliza: "Baba, mfereji ukiisha, mwenye lupango ataongeza bei ya chumba. Huo mfereji nitaufurahia nikiwa wapi?" Sikuwa na jibu. Nimelala usiku mbili nikitafuta, na maneno yangu ya leo ni jibu lile, ginsi nilivyolipata.

Tuanze hapa kwetu. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Wazungu walijipangia upande wao, na sisi tukapangiwa wetu, na katikati wakaacha uwanja mtupu wakisema ni kwa ajili ya mbu na malaria. Mtaa wa watu weusi uliitwa Albert, ndio Kamalondo ya leo. Baadaye ikaja Kenya, kiisha Katuba na Ruashi. Mwaka 1952 serkali ya Wabelgiji iliunda ofisi ya kujenga mitaa ya Waafrika, ile tunayoiita OCA. Ofisi hiyo ilijenga Ruashi hapa kwetu, na kule Kinshasa ikajenga Bandalungwa, Matete na mingine. Mwaka 1955 mfalme Baudouin alikuja kututembelea, na baada yake kukawa na Mfuko wa Mfalme wa kusaidia watu kupata nyumba.

Sitasema uongo mbele yenu kwa kupenda kupigiwa makofi. Nyumba zile zilikuwa za nguvu. Nyingi zinasimama mpaka leo, na avenyu zake zilichorwa kwa nafasi, pamoja na mahali pa shule na pa soko. Lakini ni nani aliyeulizwa? Baba zetu hawakuulizwa kitu. Mchoro ulikwisha kabla ya wao kuitwa, hata mlango utazame wapi na jiko liwe wapi. Tena nyumba ile ilimfaa mtu wa mshahara wa kila mwezi aliyeweza kulipa kidogo kidogo. Asiye na mshahara alikwenda kando, akajipigia matofari yake mwenyewe. Mitaa mingi tunayoiita leo mibovu ilianza na watu wale waliobaki nje ya mchoro.

Katuba ilikuwa na habari nyingine kidogo. Kule watu wengi walipewa mkopo, wakatafuta fundi wao wenyewe, wakajenga. Wazee wa Katuba wangali wanaweza kukuonyesha ukuta na kusema: huu nilisimamia mimi. Neno hili dogo, "nilisimamia mimi", mlishike, litarudi.

Kiisha ukaja uhuru, na baadaye wakati wa Mobutu ikaja salongo. Wengine wenu mliishika jembe ya salongo. Kufagia mtaa kwa pamoja si kitu kibaya. Ubaya ni kwamba mtu alitolewa nyumbani kwa amri, akakata majani mahali asipochagua, na mfereji uliochimbwa Jumamosi ulijaa tena Jumatano kwa kuwa haukuwa na mwenyewe. Ndiyo maana hata leo ukimwambia mtu mzima "tufanye kazi ya mtaa", uso wake unabadilika. Hana uvivu. Anakumbuka tu.

Nami nina aibu yangu ya kuungama. Zamani kidogo, katika avenyu niliyokaa wakati ule, tulichanga franka, tukamwita fundi, tukachimba mfereji mrefu. Nilikuwa mtunza fedha. Fedha haikupotea hata moja, ninashukuru Mungu. Ila hakuna aliyepima mteremko wa udongo. Tulichimba kwa macho. Mvua ya kwanza ilipoanguka, maji yote ya avenyu yetu yalikimbia vizuri sana mpaka katika nyumba tatu za mwisho, za wajane wawili na mzee mmoja kipofu. Sisi wa juu tulikuwa wakavu, tukajisifu. Wao walilala juu ya meza. Tulikuwa na umoja na fedha, ila hatukuwa na kipimo, na wale wa chini hawakuitwa katika mkutano. Tangu siku ile, mtu akiniambia "watu wakiungana yote yanawezekana", ninamwuliza kwanza kama amepima udongo.

Sasa twende mbali, katika inchi ya Pakistan, mji wa Karachi. Kule kuna mtaa mkubwa sana unaoitwa Orangi. Watu walijenga wenyewe, bila mifereji ya maji machafu. Uchafu wa vyoo ulipita mbele ya milango, na watoto walicheza humo. Mwaka 1980 alifika mzee mmoja jina lake Akhtar Hameed Khan. Hakuja na saruji wala magari. Alizunguka akiwauliza watu shida yao ya kwanza ni nini. Wakasema: maji machafu. Akawauliza: nani atayaondoa? Wakasema: serkali, tena bure.

Mzee yule alihesabu gharama, akaona ya kuwa kwa bei ya wakandarasi wa serkali mfereji hautafika Orangi kwa miaka mingi. Ndipo akaigawa kazi mara mbili, na hapa ninawaomba msikilize sana, kwa maana hapa ndipo akili ilipo. Kuna kazi ya ndani: choo cha nyumba, bomba la mbele ya mlango, bomba dogo la kukusanya maji ya njia chache. Hiyo wenyeji wanaweza kuilipa na kuifanya. Na kuna kazi ya nje: bomba kubwa la kupeleka uchafu mbali, na mahali pa kuusafisha. Hiyo hakuna avenyu inayoiweza, ni deni la serkali. Hakuwaambia watu wafanye yote, wala wangojee yote.

Kila njia ndogo yenye nyumba kama 20 ao 30 ilichagua mtu wake wa kuisimamia. Huyo alikusanya fedha kwa majirani anaowajua kwa majina. Watu wa mradi hawakugusa fedha hiyo. Kazi yao ilikuwa kupima udongo, kuchora ramani, kuandika hesabu ya vitu vinavyotakiwa, kuazima vyombo na kufundisha. Mwanzoni mambo hayakuwa mazuri: kulikuwa na saruji mbaya na mabomba yaliyowekwa vibaya, kama mfereji wangu. Walisimama, wakatafuta makosa yao, wakatengeneza vyombo rahisi zaidi, wakafundisha tena.

Gharama ikawa ndogo mno. Katika miaka ile ya kwanza nyumba moja ililipa kama rupia 1,000 kwa choo chake na sehemu yake ya bomba, na hiyo ilikuwa kama moja ya tano ya bei ya serkali, ao chini yake. Kwa nini? Kwa kuwa mkandarasi hakuwepo katikati, wala wa kumpa kitu kidogo chini ya meza. Baada ya miaka, nyumba karibu 100,000 zilikuwa na vyoo na mabomba yaliyolipwa na wenyeji. Watu wa mradi waliandika ya kuwa katika njia walizozipima, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 130 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa mpaka 37, katika muda wa kama miaka 10.

Ndugu, mtu akiniuliza kazi ya mtaa inamfaa nini mkaaji, ninamjibu kwa hesabu ile. Chukueni watoto 1,000. Wale 93 wanaotengana kati ya 130 na 37, kila mmoja ana mama yake. Na fedha ya dawa isiyotoka inabaki nyumbani, inalipa shule. Na mama asiyeamka usiku kuzoa maji machafu anafika sokoni mapema. Watu wa Orangi walipoona njia yao imekauka, walianza kupaka nyumba zao rangi na kuongeza chumba. Hakuna aliyewaamuru.

Lakini kazi hii si mchezo. Baada ya mzee Khan kufa, mwaka 1999, aliyeendesha ramani zile alikuwa mama mmoja, Perween Rahman, mchora majengo. Aliandika katika ramani maji yanapita wapi na nani anayaiba ili ayauze, na ardhi ya vijiji vya kando inamezwa na nani. Tarehe 13 Machi 2013 alipigwa risasi njiani akirudi nyumbani, akafa. Ninawaambia habari hii kwa heshima yake. Karatasi yenye michoro ya njia na mabomba inaweza kumkasirisha mtu mkubwa kuliko hotuba zetu zote.

Sasa nirudi karibu, Dar es Salaam, kwa ndugu zetu wasemao lugha moja na sisi. Pale kuna mtaa wa Hanna Nassif, upande wa Kinondoni, karibu na bonde la Msimbazi. Ulijengwa bila mpango, na kila masika maji yaliuingia kama yanavyotuingia sisi. Katika miaka ya 1990 wenyeji waliunda chama chao, wakachagua kamati. Shirika la Kazi la Umoja wa Mataifa likatoa mafundi wa kuwaongoza, na fedha ikatoka kwa wafadhili na serkali na wenyeji wenyewe. Wakachimba mifereji ya mvua na kutengeneza njia za gari. Tazameni ginsi walivyofanya: kazi haikupewa kampuni ya nje. Mkataba uliandikwa kwa jina la chama cha wenyeji, na waliochimba, wanaume na wanawake, walikuwa wa mtaa ule ule, tena walilipwa. Franka ya mfereji ikalala mtaani. Hiyo si salongo! Mtu analipwa kwa jasho lake, na mfereji ukiziba anajua jiwe lililowekwa na mkono wake.

Mafuriko yalipungua. Gari la mgonjwa likapata njia. Lakini ndugu zangu, bei ya vyumba ikapanda pia. Watu wenye kipato kizuri zaidi waliuona mtaa umekauka, tena uko karibu na katikati ya mji, wakaupenda. Wapangaji maskini, wengine wao walihama kutafuta chumba cha bei ndogo, na chumba cha bei ndogo kwa desturi kiko mahali ambapo maji yangali yanaingia. Ndilo swali la mama wa maandazi. Hakuwa anaota. Aliona mbele kuliko sisi wanakamati.

Basi nikatafuta: je, kuna mahali watu walitengeneza mtaa na kubaki ndani yake? Nikapata habari ya mji wa Boston, Marekani, upande wa Roxbury, mahali panapoitwa Dudley. Msidhani Marekani yote ni majumba ya kioo. Dudley ya miaka ya 1980 ilikuwa na viwanja vitupu vingi, kwa sababu nyumba ziliungua moto, mara nyingine kwa mkono wa watu waliotaka fedha ya bima, na makampuni yalikuja usiku kumwaga takataka. Wakaaji wake ni Wamarekani weusi, watu waliotoka visiwa vya Cape Verde, wasemao Kihispania, na wazungu kadhaa.

Wenye fedha na mashirika ya huruma walikuja na mpango mzuri ulioandikwa. Katika mkutano, wakaaji waliangalia majina ya kamati, wakauliza: ninyi mliokaa mbele, wangapi mnakaa mtaa huu? Karibu hakuna. Kamati ikabomolewa palepale, ikaundwa nyingine ambayo wakaaji ndio wengi, na kila kabila la watu likiwa na viti vyake. Kazi yao ya kwanza haikuwa nyumba. Ilikuwa takataka: mwaka 1986 walilazimisha mji uzoe uchafu na kufunga mahali pa kumwagia. Mwaka 1988 wakapata kitu kisichokuwa kimepewa wakaaji wa mtaa wowote Marekani: uwezo, kwa sheria, wa kuvinunua kwa nguvu viwanja vitupu vilivyoachwa na wenyewe.

Hapa sasa ndipo jibu. Ardhi ile hawakuigawia mtu mmoja mmoja. Waliiweka katika mfuko wa mtaa. Nyumba ni yako, unaweza kuirithisha mtoto wako, lakini udongo ulio chini yake ni wa mtaa, na unapewa mkataba wa miaka 99. Ukitaka kuuza, unauza kwa bei iliyowekewa mpaka, ili maskini mwingine aweze kuinunua. Nyumba zaidi ya 200 ziko namna hiyo. Mtaa ukapata uzuri, na tajiri wa nje hakuweza kuuchukua nyumba kwa nyumba.

Ninaona wenye malupango wengine wanakunja uso. Ngojeni, sijamaliza. Sisi hatuwezi kuiga ile vivyo hivyo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ya Kongo ni ya serkali, na mtu hupewa haki ya kuikalia, ikithibitishwa kwa sertifika ya kuandikishwa. Katika mtaa huu, ni wangapi wana sertifika? Nisiwaulize kwa kunyosha mikono, tusiaibishane. Wengi wana karatasi yenye muhuri wa zamani, na wengine wana mashahidi tu. Kwa hiyo mwenye lupango asimcheke mpangaji. Barabara ikipita hapa na ardhi ikipanda bei, mtu mwenye karatasi nzuri zaidi anaweza kutokea na kusema lupango ni wake. Mpangaji ataondoka kwanza, nawe utamfuata.

Ndiyo sababu naleta shauri moja, na nataka lipigiwe kura kabla hatujatoka.

Wapangaji wahesabiwe katika kamati. Leo kamati yetu ina watu 9, wote wenye malupango, nami nikiwemo. Wanaokaa humu, zaidi ya nusu labda ni wapangaji. Tuwape viti 4. Tena, kila avenyu iandike patano: mpangaji atakayechanga ao kuchimba, bei ya chumba chake isiongezwe kwa miaka 3 tangu mfereji kuisha. Si milele. Mwenye lupango naye ana watoto. Lakini miaka 3 inamtosha mama yule kutafuta njia, na inamtosha mwenye lupango kuona faida ya mtaa mkavu pasipo kumfukuza aliyeukausha. Patano liandikwe mara tatu: moja kwa mwenye lupango, moja kwa mpangaji, moja kwa karani.

Na mkandarasi akija, tumwulize mambo mawili tu: vijana wangapi wa mtaa huu atawaandika, na mchoro wa mteremko uko wapi. Asipokuwa na mchoro, arudi akautafute.

Mzee mmoja aliniambia kabla ya mkutano: "Ukiwapa wapangaji viti, kesho watataka nyumba." Nilimjibu ya kuwa baba yake mwenyewe alikuwa mpangaji Kamalondo, naye alicheka, kwa kuwa ni kweli. Bado hajaniambia atapiga kura namna gani.

Nimevuka kifupi alichoniomba karani. Karatasi za patano ziko juu ya meza ile, na mwalimu wetu atamsomea asiyejua kusoma. Jumapili, baada ya ibada, vijana wenye kamba na chupa ya maji ya kupimia wakutane kwenye robine ya chini. Tutaanza kupima kwa nyumba tatu za mwisho, tupande tukija juu.